Programa Ndogo na Fisi wa Binti Yangu

Kwetu Bariadi, ngoma za mashindano hazina waamuzi waliokaa mezani. Vikundi viwili vinapewa uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinapiga kwa wakati mmoja, na watu wanakaa katikati. Anayewavuta watu ndiye mshindi. Hata ukicheza vizuri namna gani, umati ukikupa mgongo na kukimbilia kwa wenzako umeshindwa, na huna wa kumlalamikia. Ndiyo maana manju wa kwetu, ningi kama tunavyosema nyumbani, haridhiki na sauti yake na ngoma zake. Anatafuta kivutio. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaochonga watu wa mbao wanaotingisha viuno, na wapo wanaokwenda kutafuta dawa ya mvuto ili watu wasibanduke.

Binti yangu wa tatu ni ningi. Msimu uliopita, pamba ilipokwisha kuuzwa, alishindana na kikundi cha kutoka upande wa Busega, na mimi nilikuwepo. Wale wenzake walikuja na ndege ya bati yenye pangaboi linalozunguka na spika inayonguruma. Watu wakaenda kuangalia ndege. Mwanangu akabaki anawaimbia wapiga ngoma wake mwenyewe na mbuzi waliokuwa wakiokota maganda ya ndizi. Tangu siku hiyo kikundi kikaanza kulegea. Mpiga ngoma mkuu, ambaye wengine wote wanamfuata, alimwambia bila kuzunguka: "Ningi, nakupa msimu mmoja. Tukiachwa tena vile, mimi nahamia kwa wenye ndege." Na huyo akihama, kikundi hakipo.

Basi asubuhi moja binti akaja nyumbani. Nilikuwa uani kwenye benchi langu la kazi, pembeni mwa jiko.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona mapema, ng'ombe wamekufukuza?"

"Watu ndio wamenifukuza." Alivuta kigoda akakaa, akaangalia nyaya zangu. "Wenzangu wanataka niende kwa mganga anipe dawa ya mvuto. Nimewaambia nitaanza kwa baba yangu."

"Umeniweka daraja moja na mganga?"

"Chini yake kidogo. Mganga hajawahi kuunguza televisheni ya mama."

Kutoka jikoni mke wangu akasema, "Rudia, hajasikia vizuri."

Niseme mimi ni nani katika mambo haya. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikatengeneza redio za watu kwa miaka mingi, kisha redio za kutengenezwa zikaisha. Hapo ndipo nilipogundua chipu, zile ambazo unaziandikia maagizo nazo zinatii: washa taa, subiri, zima, zungusha mota. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuharibu vitu. Hakuna anayenilipa. Ninapenda tu, kama wengine wanavyopenda bao. Siku ninayofanya taa moja ndogo iwake kwa amri niliyoiandika mimi, chakula cha mchana kinapoa na sina habari.

"Unataka kitu gani?" nilimuuliza.

"Kitu chenye uhai. Ndege yao ni bati tu. Mimi nataka kitu ambacho mtu akikiona anataka kukimbia, lakini miguu inakataa."

Nilifikiri kidogo nikasema, "Fisi."

Kelele za sufuria jikoni zikakoma. Kwetu fisi si mnyama wa kutajwa hivi hivi. Wapo wanaoamini kwamba fisi wengine wana wenyewe, wachawi wanaowafuga, na wana kazi zao za usiku. Mtu haongei naye, hamchekei, lakini ukisema fisi yuko bondeni, kijiji kizima kitasimama mlangoni kutazama.

"Mbiti," binti yangu akasema kwa Kisukuma, taratibu, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Watakuja."

"Huyo mnyama hatalala ndani ya nyumba yangu," mke wangu akasema.

"Ni wa mbao, mama."

"Hata awe wa unga."

Kichwa nilichonga mwenyewe, kwa mti mwepesi, taya la chini likiwa na bawaba. Nilikivika ngozi ya ndama, meno nikayakata kwenye bomba jeupe la maji. Ndani ya taya nikafunga mota ndogo, na ndani ya macho, mbali kwenye mashimo ili jua lisiyameze, nikaweka taa mbili za kijani iliyofifia. Mwili ulikuwa gunia lililoshonewa manyoya, mchezaji anaingia ndani na kuinama. Maagizo yote niliyaweka kwenye bodi ya buluu ya kujifunzia, niliyokuwa nayo siku zote, nikaisimika nyuma ya kichwa kwa nyaya za kuchomeka.

Mchezaji, mwanamume mmoja mwenye mabega ya kubebea magunia ya pamba, alikivaa, akaruka mara moja. Bodi ikachomoka na nyaya zake, ikaning'inia shingoni.

"Fisi kafa," alisema akiwa ndani ya gunia.

Hapo nikajua kwamba kichwa kinachorukaruka hakitaki bodi. Kinataka chipu peke yake, ile ndogo ya miguu minane, isiyozidi ukubwa wa punje mbili za mahindi, iliyolehemiwa kabisa mahali pake. Tatizo ni kwamba chipu ile inatoka kiwandani ikiwa tupu kichwani. Bodi ya buluu ina njia yake ya kupokea maagizo kutoka kwenye kompyuta. Chipu ya peke yake haina. Inahitaji kidude cha katikati, ambacho upande mmoja kinaongea na kompyuta na upande wa pili kinaongea na chipu. Hicho ndicho tunachokiita programa, na mimi sikuwahi kuwa nayo.

Nakumbuka nilivyoamka siku ya kwenda kuinunua. Nilivaa shati la kanisani. Mke wangu akauliza kama kuna harusi.

Karibu na stendi kuna duka la mama mmoja anayeuza vifaa vya sola na redio, naye anaagiza vitu vya chipu kutoka Mwanza kwa ajili ya wachache wetu tuliopotelea huko. Ni wa umri wa binti zangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka programa ya chipu ya miguu minane."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya fisi."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua balbu wakageuka. Yeye hata hakupepesa.

"Fisi," alirudia, kama mtu anayepokea oda ya kawaida. "Mkubwa au mdogo?"

Aliniwekea mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa na gamba jeupe, kikubwa kama sabuni ya kipande, na juu yake kitanda cha kulazia chipu chenye mkono mdogo wa kuibana. Bei yake ni ya mbuzi aliyenenepa. Cha pili kilikuwa kipande kitupu cha bodi, kidogo kama kiberiti, hakina hata nguo, kina mkanda bapa wa nyaya na taa mbili ndogo. Bei yake ni ya jogoo. Kisha akasema kuna njia ya tatu: niitumie bodi yangu ya buluu kama programa, kwa nyaya sita, bila kununua kitu.

"Hiyo ya tatu ni bure," alisema, "ila kila ukitaka kubadilisha neno moja, unaanza kupanga nyaya upya. Na waya mmoja ukikaa pabaya, utashinda unamtafuta mchawi."

Nilikishika kile cha bei ya jogoo, nikakigeuza. Watu wanadhani kununua cha bei rahisi ni kufumba macho na kulipa. Mimi naona ni kinyume. Cha bei kubwa kimeshafikiriwa na wengine. Cha bei ndogo kinakudai wewe ufikiri. Niliangalia kila mguu kama umelehemiwa vizuri au umepakwa tu. Niliangalia kama kina kibanio cha kuchagua volti tano au tatu, maana chipu nyingine ukizipa tano unaziua. Nilipiga hesabu ya matundu kwenye ncha ya mkanda na kumuuliza kama ana kipande cha kugeuzia, maana mkanda ni wa matundu kumi na wengi tunahitaji sita. Nilimuuliza kama kompyuta za zamani zinakitambua. Alijibu yote, na kila jibu lilinipa furaha, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe akakuta yote yapo.

"Basi hiki," nilisema.

"Ni kizuri, wengi wanakitumia. Ila nikuonye kitu kimoja, baba." Alichukua chipu, akanionyesha mguu wa kwanza. "Hapa ndipo mlango. Programa inaingilia hapa. Kuna sehemu kwenye mipangilio inayokuruhusu kuugeuza mguu huu uwe wa kawaida, uutumie kwa kazi yako. Ukifanya hivyo, mlango umezibwa. Hiki kidogo hakitaingia tena. Kile kikubwa kingeweza, kwa sababu kinasukuma volti kumi na mbili hapo mlangoni."

"Sitaugusa."

"Wote wanasema hivyo."

Wale wateja wa balbu walikuwa wanasikiliza. Nikaona kama nimefundishwa mbele ya watu. "Binti," nikamwambia, "nilikuwa nalehemu redio kabla hujazaliwa." Sauti niliyoitumia nisingependa mtu aitumie kwa mwanangu. Yeye akasema tu, "Nimesikia, baba," akanifungia programa kwenye gazeti, pamoja na chipu ile aliyoishika, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki dukani.

Nyumbani nilifungua kompyuta mpakato aliyoniachia kijana wangu. Nikachomeka programa. Kompyuta ikasema haiifahamu. Nikatafuta, nikapakua, nikawasha upya. Ikaitambua programa, lakini ikasema haioni chipu. Nilibadilisha nyaya, nikapuliza matundu, nikanywa chai. Mwishowe nikakumbuka kitu nilichokiona kwenye video moja: chipu mpya inaongea polepole, na programa hii ina haraka. Kuna matundu mawili kwenye programa yenyewe ambayo ukiyaunganisha, inapunguza mwendo. Nikayaunganisha kwa kipande cha waya.

Taa ya programa ikacheza. Kisha jicho la kushoto la fisi likawaka, likazima, likawaka.

"Mama," nilimwita mke wangu. Alikuja anafuta mikono.

"Kimetokea nini?"

"Tazama."

Alitazama jicho. Jicho likamtazama.

"Ananikonyeza," alisema.

"Ndiyo."

"Mwambie nimeolewa."

Zile zilikuwa siku za furaha kubwa kwangu, nakiri. Kipande kile cha bei ya jogoo hakikunisumbua tena. Asubuhi naandika, naingiza, natazama. Nafuta, naandika upya, naingiza. Miguu minane: miwili ya umeme, mmoja ule wa mlango, mitano ya kazi. Nikaigawa: jicho la kulia, jicho la kushoto, taya, masikio, na wa tano nikaupa kipaza sauti kidogo, ili fisi asikie. Hilo ndilo nililojivunia kuliko yote. Hakuwa fisi wa kuvutwa kwa kamba. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, kipaza sauti kinasikia, chipu inaamua, taya linafunguka na kufunga, kwap. Pigo moja, kwap moja. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alirudi bila chumvi.

Kisha ukaja mkia. Mke wangu ndiye aliyeuona, lakini kosa silihamishii kwake. Alisimama nyuma ya fisi akasema, "Huku mbele ni fisi. Huku nyuma ni mbwa mgonjwa." Na kweli, mkia ulining'inia kama kamba ya ndoo. Fisi hukunja mkia chini ya tumbo, kila mtu huku anajua. Nilikuwa na mota moja iliyobaki. Sikuwa na mguu.

Nilikuwa na mguu wa kwanza.

Nilikaa nautazama. Nikajiambia kazi imekwisha, kila kitu kinafanya kazi, mlango nitautaka wa nini tena? Mtu akishahamia nyumba yake hahitaji ngazi ya fundi. Niliandika maagizo ya mkia, nikafungua mipangilio, nikaweka alama pale nilipoambiwa nisiweke. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, haraka, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

Mkia ukajikunja. Kwap, mkia ndani. Kwap, mkia nje. Nilicheka peke yangu uani mpaka mbwa wa kweli akaondoka.

Siku moja kabla ya mashindano, binti yangu alikuja na mchezaji na yule mpiga ngoma mkuu. Mpiga ngoma ni mtu wa maneno machache na uso wa kudai. Aliketi, akaweka ngoma katikati ya magoti, akapiga pigo moja. Fisi akatafuna hewa. Akapiga mawili. Fisi akatafuna mara mbili, akakunja mkia. Yule bwana akaacha kupiga, akaangalia ndani ya mdomo wa fisi, akapiga tena kwa mdundo wa kucheza, na fisi akamfuata, na uso ule wa kudai ukafunguka.

"Mzee," aliniambia, "huyu ni mtu."

Nilikuwa karibu kulia. Na wakati huohuo, nyuma ya jiko, mke wangu akaanza kutwanga.

Kwap. Kwap. Kwap. Fisi akaufuata mchi, macho yanawaka, mkia unaingia na kutoka. Mchezaji alianguka kwa kicheko. Mke wangu akachungulia, akanyamaza, fisi akanyamaza. Akatwanga, fisi akatafuna. "Nikipika atataka kula?" aliuliza, na sote tukacheka, isipokuwa binti yangu.

"Baba," alisema, "kesho hatupigi peke yetu."

Niliacha kucheka. Miaka yote ya maisha yangu nimetazama vikundi viwili vikipiga kwa pamoja. Nimezaliwa katika hilo. Na bado nilimpima fisi wangu uani, kwa ngoma moja, kama mtu asiyejua ngoma za kwao zinavyochezwa.

"Anaitikia ngoma yoyote?"

"Yoyote yenye nguvu."

"Na ngoma za wenzetu ni kubwa kuliko zetu," mpiga ngoma akasema. "Kwa hiyo fisi wetu atawachezea wao."

"Muwekee swichi," binti akasema haraka. "Kidude cha kubonyeza. Nikitaka asikie, asikie. Nisipotaka, awe kiziwi."

Ilikuwa kazi ndogo sana, mguu mmoja na mistari michache; kukata tu waya wa kipaza sauti kusingefaa, maana waya ukikatika chipu hubahatisha na taya hutafuna ovyo. Nilimtazama fisi, nikatazama mkia. Nikawaambia. Niliwaeleza kuhusu mguu wa mlango, na yule mama wa duka, na namna nilivyomjibu. "Mguu wa swichi nimeupa mkia," nilisema, "na mlango wa kubadilisha nimeuziba mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma."

Mpiga ngoma alitikisa kichwa. "Kumbe tumeuzwa kwa mkia."

Nilimpigia simu yule mama. Aliniambia kile kikubwa kilichukuliwa na fundi mmoja wa Maswa, na chipu nyingine ziko njiani, zingefika wiki inayofuata. Hakuniambia, "Nilikuonya." Nilimwomba radhi kwa maneno ya siku ile, akasema, "Yaliisha, baba. Fisi anaendeleaje?" Nikamshukuru, nikakata simu.

Lilibaki jambo moja. Kile kikubwa nguvu yake ni volti kumi na mbili, na betri yetu ya sola ni ya volti kumi na mbili. Nilishaona watu wakifungua chipu kwa betri na bodi ya buluu. Nikaanza kuivuta betri kutoka chini ya dirisha.

"Ikiungua?" binti akauliza.

"Chipu ni hiyo moja. Ikiungua, fisi anabaki mbao."

"Basi usimguse."

"Nimfunge angalau taya, asiwaaibishe."

"Fisi asiyeuma nitamwonyesha nani?" Alimzunguka yule mnyama polepole. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Mayu, twanga tena. Polepole kwanza." Mama yake akatwanga. "Sasa kwa nguvu. Acha. Moja tu. Acha." Alisimama muda mrefu akitazama taya, midomo yake ikicheza bila sauti. Mwishowe akasema, "Kesho mlete hivyo hivyo alivyo."

"Ningi," mpiga ngoma akasema, "hii ni aibu tunaibeba kwenye gunia."

"Ibebe vizuri, isichanike."

Mashindano yalikuwa Ngulyati, kwenye uwanja uliojaa baiskeli na wauza miwa. Wale wa Busega walikuja na ndege ileile, sasa imeongezewa pangaboi la pili. Zilipoanza ngoma, watu walikwenda kule moja kwa moja, kama maji yanavyofuata mfereji. Upande wetu walibaki wazee na jamaa zetu. Fisi alikuwa chini ya turubai. Mpiga ngoma mkuu alipiga bila kunitazama. Mimi nilijibanza karibu na mchezaji, nimeshika bisibisi isiyo na kazi.

Binti yangu akainua mkono, na ngoma zetu zikanyamaza.

Kunyamaza katikati ya mashindano ni kama kusema tumeshindwa. Watu wa katikati waligeuka kutazama kulikoni, na hapo turubai likavutwa. Fisi akasimama, kichwa chini, macho yanawaka. Wanawake wawili waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Ngoma za Busega zilikuwa zinanguruma, na kila pigo lao, fisi wetu akatafuna. Kwap. Kwap.

"Fisi kahamia," mtu akapaza sauti, na kicheko kikapita uwanja mzima. Nilitamani nizikwe pale pale. Hapo ndipo binti yangu alipoanza kuimba, peke yake, bila ngoma. Aliimba Kisukuma, na maana yake ilikuwa hivi:

*Pigeni, wenzetu, pigeni kwa nguvu,*
*mbiti wangu hajala tangu jana.*
*Ngozi ya ngoma ni ya ng'ombe,*
*na ng'ombe ndiye chakula chake.*

Kwanza watu walimtazama fisi, wakazitazama ngoma za Busega. Kisha umati ukaona, wote kwa pamoja. Kila pigo la wale lilikuwa tonge, nao ndio waliokuwa wakilisha. Kicheko kilichokuja safari hii kilikuwa kingine kabisa. Watu walianza kukimbia kuja kwetu. Binti yangu akamsogeza fisi kuelekea katikati, akiwa amemshika sikio kama anayepeleka ndama sokoni.

Wapiga ngoma wa Busega walisikia wimbo. Mmoja akasita. Wengine wakasita. Ngoma zao zikanyamaza, na fisi akainamisha kichwa, taya limefungwa.

*Mnamnyima,* binti akaimba, kwa sauti ya huruma. *Mtazameni alivyokonda.*

Watoto wakawaendea wale wapiga ngoma kuwaomba wapige kidogo tu. Mmoja akapiga pigo moja, nafikiri kwa hasira. Kwap. Uwanja ukalipuka. Hawakuwa na njia. Wakipiga, fisi anakula; wasipopiga, hakuna ngoma. Ndege ilikuwa inazunguka peke yake, na hata spika yake ilipokohoa, fisi alitafuna kikohozi. Ndipo ngoma zetu zikaingia, na wachezaji wetu wakaingia nazo, na sikuona tena mahali pa kuweka mguu.

Mwishoni manju wa Busega mwenyewe alikuja. Ni mwanamume wa makamo, mcheshi, na watu walimpisha. Alikuwa na ngoma ndogo kwapani. Alichuchumaa mbele ya fisi, akapiga kwa vidole, taratibu. Fisi hakujibu. Akapiga kwa kiganja. Kwap.

"Huyu mtoto wenu hana adabu," alimwambia binti yangu. "Anakula kwa watu."

"Kwetu kuna njaa, shemeji," akamjibu kwa utani.

Alicheka, akapiga tena, na wafuasi wake wa mwisho, waliokuwa wamebaki upande wa pili kwa uaminifu tu, wakavuka uwanja kuja kuona anachocheka.

Jua lilipoanza kulala na watu wakaanza kutafuta baiskeli zao, baadhi walinipa mkono na kuniita fundi. Niliwaambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyefanya fisi awaitikie wengine, na akili ya kumtumia hivyo si yangu. Sidhani walinisikiliza. Nilimwambia pia binti yangu, pale alipokuwa akinywa maji, kwamba nilikaribia kumvunjia kikundi kwa ajili ya mkia. Akanipa kopo ninywe na mimi.

Mpiga ngoma mkuu alikuwa anafunga ngoma yake kwenye kerieri ya baiskeli. Alivuta mpira, akaufunga, akaujaribu kama umekaza. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Ningi, mazoezi ni lini?"

"Jumatatu, baada ya kukamua."

"Nitachelewa kidogo. Napeleka ng'ombe josho."

"Usichelewe sana," binti yangu akasema.